Dume la Swali la Tisa

Mwalimu Mgonja alipigwa kabla ya chakula. Ilikuwa siku ya arobaini ya Zuberi, nyumbani kwake Kilangali. Hitima ilikuwa imekwisha, na sisi wageni tulikuwa tumekaa kwenye majamvi chini ya turubai tukisubiri pilau. Bodaboda ikasimama barabarani, akashuka mzee mwembamba mwenye koti la kijivu. Alishika bega la dereva mpaka miguu yake ikatulia, kisha akaja polepole akimpa pole kila aliyekutana naye. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka thelathini, na bado mgongo wangu ulimtambua kabla ya macho. Hamisi, mdogo wake Zuberi, alikuwa nyuma ya nyumba akikata nyama. Alipoitwa alikuja hivyo hivyo, damu ya ng'ombe imemfika viwikoni. "Sikupi shikamoo," akasema. "Umefuata nini hapa? Mguu wa pili? Tumeshauzika." Mzee akafungua mdomo kujibu, na ngumi ikamkuta mdomo ukiwa wazi. Miwani ikaruka, ikaangukia jamvini karibu na goti langu. Nikaitazama ile miwani, lenzi moja imepasuka, nikajua kwamba nikiendelea kukaa kimya nitakuwa nimekaa kimya mara ya pili kwa jambo lile lile.

Ili mtu aelewe kwa nini, lazima nieleze mwaka mmoja, ule tuliokuwa kidato cha nne katika shule ya bweni nje kidogo ya mji wa Kilosa. Mwalimu Mgonja alikuwa mwalimu wa michezo. Alikuwa amepitia jeshi kabla ya ualimu, na aliamini kwamba mkimbiaji hufundishwa kama punda anavyofundishwa. Kila alfajiri alitupeleka, Zuberi na mimi, kwenye njia ya miguu inayofuata reli. Yeye alikuja nyuma kwa baiskeli, mkanda wa feni ya lori amejifunga kwenye kiganja cha kulia. Sheria ilikuwa moja: anayekuwa nyuma ndiye anayepigwa. Tulikuwa wawili tu. Zuberi alizaliwa na mapafu ambayo sijayaona kwa mtu mwingine, kwa hiyo mkanda ulikuwa wangu. Nimewahi kukaa na kalenda nikajaribu kukumbuka asubuhi ambazo sikupigwa mwaka ule. Nimezipata chache sana, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za mvua kubwa. Asubuhi moja Zuberi alijifanya amebanwa na kichomi, akapunguza mwendo ili nimpite, mkanda umpate yeye. Mwalimu hakudanganyika. Alitupiga wote wawili pale pale kwenye kokoto za reli, yeye kwa kudanganya na mimi kwa kukubali kudanganyiwa. Tulipokuwa tukirudi, shati limegandamana na mgongo, Zuberi alicheka. "Katibu," akaniambia, maana hilo ndilo jina walilonipa kwa tabia yangu ya kuandika kila kitu, "leo andika: tumekula kichapo cha pamoja." Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kumchukia, na kilichonisumbua zaidi ni kwamba hakuwa amenifanyia ubaya wowote.

Tulikula katika stoo ya michezo, sisi wawili, mbali na bwalo. Chumba kile bado nakiona: mipira iliyopasuka imerundikwa pembeni, mikuki miwili ya kurusha imeegemezwa ukutani, magunia ya mahindi ya shule yamepangwa hadi dirishani. Wenzetu bwaloni walikula ugali na maharage yenye wadudu. Sisi Mwalimu alituletea mayai ya kuku wake mwenyewe, yamechemshwa na mkewe na kufungwa kwenye kanga. Alisimama mlangoni mpaka tumalize. "Kula, mbwa wewe," alikuwa akisema, na kwa sauti yake ungedhani anatukana, lakini alikuwa akibembeleza. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, vingi nikiwa peke yangu bila mwalimu, na sijakutana na neno moja linalomtosha mtu wa namna hiyo.

Mwezi wa sita tulialikwa kwenye mbio za shamba la miwa upande wa Ruaha. Wafanyakazi wa shamba walikuwa na mkimbiaji wao, jitu la miraba minne, na walikuwa wamejipanga barabarani kumlindia ushindi. Tulikimbia katikati ya kuta mbili za miwa. Tulipokaribia kona ya pili mtu aliyejificha ndani alimchapa Zuberi kwa muwa usoni, jicho likafumba. Mimi nilivutwa shati mpaka likachanika. Lile jitu likamsukuma Zuberi akaanguka kwenye mfereji, akainuka na tope na damu, akamfikia, na bila kupunguza mwendo akampiga kiwiko cha meno. Nilipita juu ya yule mtu akiwa amekaa chini akitema vipande. Zuberi alimaliza wa kwanza, mimi wa pili, na kabla hatujapata maji ya kunywa watu walianza kutupa mawe. Mwalimu Mgonja alituingiza chini ya trela la trekta, akasimama mbele yetu na mkanda wake, akawachapa watu wazima wenye mapanga mpaka polisi walipofika. Zawadi zilitolewa kituo cha polisi. Wa kwanza dume la ng'ombe, jeusi, lenye doa jeupe kwenye paji la uso. Wa pili redio.

Kwa desturi ya kwetu dume la namna hiyo halipelekwi nyumbani kwa mshindi. Linaliwa na waliomtuma. Tulilirudisha Kilosa kwa lori, na Jumamosi likachinjwa nyuma ya jiko la shule. Halikukubali kirahisi. Lilikata kamba, likamchota mpishi wetu kwa pembe na kumtupa juu ya kuni, likazunguka uwanja wa paredi na wanafunzi wakipanda miti. Zuberi alilikamata mkia, akaburutwa kifua chini kutoka mlingotini hadi chooni bila kuachia. "Mwachieni mwenye mali!" watu walipiga kelele. "Ni kesi ya familia!" Lilipoanguka hatimaye, wanne walilikalia. Usiku huo shule nzima ilikula nyama. Mwalimu Mgonja alipewa paja moja na ini, kwa heshima, mbele ya watu wote. Zuberi alichukua ngozi, akaikausha ukutani, akailalia mpaka siku aliyoondoka.

Bahasha ilifika mwezi wa nane. Mwanamke mmoja wa Kimarekani aliyekuwa amejitolea kutufundisha hisabati mwaka uliotangulia alikuwa amepeleka muda wetu wa mbio, niliokuwa namwandikia kwa barua hata ule wa Ruaha, kwa kocha wa chuo alichosoma. Ndani mlikuwa na barua ya kocha, kijitabu cha kanuni, na fomu mbili. Kiingereza cha Zuberi kilikuwa cha kusukuma, changu kilikuwa cha kamusi. Nilikaa na kijitabu kile majuma mawili kwenye stoo, neno kwa neno. Pale ndipo nilipojifunza kitu ambacho leo nawaeleza vijana wanaokuja kwenye steshenari yangu Mikumi, wakiwa na ujumbe wa mawakala kwenye simu zao. Wao hudhani ufadhili wa michezo ni kama tiketi: unao au huna. Sivyo. Katika riadha kocha hupewa idadi ndogo ya ufadhili kamili kwa timu yake yote, naye anaruhusiwa kuukata vipande kama mkate. Mmoja apewe ada, chumba na chakula, mwingine robo, mwingine vitabu tu. Ulitolewa wa mwaka mmoja mmoja, na mwisho wa mwaka kocha aliamua kama unaendelea. Kinachopungua mtu alikitafuta kwenye msaada wa chuo kwa wenye shida, na msaada huo kwa mgeni ulikuwa mwembamba. Nauli haikuwa ndani ya chochote. Kanuni zimebadilika mara nyingi tangu hapo, na kila mwaka nazisoma upya, lakini mkate bado unakatwa. Barua ya kocha ilisema wazi: aliyeshinda Ruaha atapewa ufadhili kamili, na wa pili theluthi moja.

Nilielewa maana ya theluthi. Baba yangu alikuwa mkulima wa milimani, na theluthi mbili zilizobaki zingehitaji mlima wenyewe uuzwe. Nilielewa pia kwamba kilichokuwa kinanitenganisha na mkate mzima kilikuwa kimelala juu ya ngozi ya ng'ombe, kikikoroma.

Tulijaza fomu siku ya Jumapili mchana. Mimi niliandika zote mbili kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Zuberi alikaa juu ya gunia akimenya yai. Tulifika swali la tisa. Liliuliza kama mwombaji amewahi kupokea fedha au kitu chenye thamani kwa kushinda mashindano, na kama ndiyo, akitaje kitu hicho na thamani yake. Kijitabu kilikuwa kimenieleza sababu ya swali hilo: mwanafunzi aliyelipwa kwa mchezo aliweza kuhesabiwa kuwa mchezaji wa kulipwa, akakosa haki ya kuwa mkimbiaji wa chuo. Nililijua hilo. Nilikuwa nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

"Hilo linasemaje?" Zuberi akauliza.

"Linauliza zawadi."

"Aaah! Basi hapo ndipo penyewe!" Akaruka kutoka kwenye gunia. "Andika dume, Katibu. Andika dume jeusi, lina doa kwenye paji. Andika lilimtupa mpishi."

"Mpishi hawamhitaji."

"Sawa, mwache. Lakini waambie ukubwa. Waone kwamba sisi hatukimbilii vikombe vya bati. Mtu anayepewa dume si mtu wa mchezo."

Aliamini kwamba anaulizwa sifa zake. Mtu yeyote wa kwetu angeamini hivyo. Neno moja tu lingetosha kumrekebisha, na nilikuwa nalo mdomoni. Badala yake niliuliza: "Thamani yake?" Naye akasema, "Hiyo kamuulize mwenye bucha, wewe ndiye mtu wa hesabu." Nikaenda. Nilitembea hadi sokoni Kilosa, nikauliza bei ya dume la ukubwa ule, nikarudi nikaigeuza kuwa dola kwa kutumia gazeti la ofisi ya mkuu wa shule, nikaandika jibu kwa wino mweusi, bila kosa. Hakuna mtu aliyewahi kujaza fomu kwa ukweli kama nilivyojaza ile ya Zuberi. Akatia sahihi huku akitabasamu. Kwenye fomu yangu, mbele ya swali la tisa, niliandika: hapana.

Jibu lilikuja baada ya majuma sita. Nilikuwa kwenye varanda ya ofisi na rejesta ya mahudhurio mkononi, na dirisha lilikuwa wazi. Mkuu wa shule alikuwa akimtafsiria Mwalimu Mgonja. "Wanauliza kuhusu ng'ombe wa Zuberi," alisema. "Ng'ombe huyo alikuwa mali ya nani, na nani alinufaika naye."

"Alinufaika?" Mwalimu akauliza. "Yaani nani alimla?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Kwa hiyo ameandika kwamba nimekula dume lake. Paja na ini." Sauti yake ilikuwa ndogo, karibu ya mtoto. "Namlisha mayai ya kuku wangu, mke wangu analalamika, na yeye ananishtaki Marekani."

"Mgonja, hawajasema hivyo."

"Mzungu ataulizaje ng'ombe wa Kilosa kama hajaambiwa?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye mlango ule. Niliipeleka rejesta darasani.

Saa nane mchana kengele ya dharura iligongwa, shule nzima ikapangwa paredi. Zuberi aliitwa mbele. Mwalimu hakuja na mkanda. Alikuja na mpini wa jembe. "Nani alikula dume?" akauliza.

"Tulikula wote, mwalimu," Zuberi akajibu.

Shule ikacheka. Lilikuwa jibu la kweli na lilichekesha, na kicheko kile ndicho kilichomaliza kila kitu. Pigo la kwanza lilimpata mgongoni, la pili begani. Akapiga magoti. Mwalimu alikuwa akipiga huku analia, kamasi zinamtoka, akirudia, "Mayai yangu! Mayai yangu!" Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza alitapika kwenye mstari. Zuberi alijaribu kusimama ili akimbie, na alipogeuka, mguu mmoja mbele, mpini ulishuka kwenye pia ya goti. Sauti yake naijua. Ni sauti ya muwa mkavu unapovunjwa. Alipoanguka alinitafuta kwa macho mstarini. Hakunilaumu, maana hakuwa na sababu. Alinitafuta kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kawaida ya kujua mambo. "Katibu," alisema, "nimefanya nini?"

Nilitazama mlingoti.

Mwalimu Mgonja mwenyewe ndiye aliyempeleka hospitali, amempakia nyuma ya baiskeli ile ile, mguu umening'inia kama kitu kisicho chake. Wanafunzi waliwafuata hadi getini wakirusha mawe, na jiwe moja lilimpasua mwalimu kisogo. Hakugeuka. Hakurudi kufundisha tena shuleni kwetu. Goti lilipona likiwa limekunjika. Zuberi alifanya mtihani wa taifa mguu ukiwa juu ya stuli, kisha akarudi Kilangali, na miaka yote iliyofuata alikuwa mlinzi wa shamba la mbegu, akizunguka matuta kwa fimbo. Nilimtembelea mara nyingi. Kila mara alisimulia habari ile kwa fahari, akipiga lile goti bovu: "Wazungu waliogopa dume langu, ndugu yangu. Walidhani nitawafilisi." Alikufa anaamini kwamba alichofanyiwa kilitokana na hasira ya mtu mmoja.

Mimi nilipata theluthi yangu. Swali la ng'ombe halikujibiwa, Zuberi akaondolewa kwenye orodha, na kocha akaupeleka ule mkate mzima kwa mkimbiaji wa nchi nyingine. Barua yangu ya theluthi ilitaka uthibitisho wa benki kwa sehemu iliyobaki, na mwisho wa kujibu ulipita nikiwa nachimba viazi. Kijitabu nilibaki nacho. Miaka mingi baadaye, Kiingereza changu kikiwa hakihitaji tena kamusi, nilikisoma kuanzia mwanzo. Kwenye ukurasa wa kumi na nne, kwa herufi ndogo, kuna maelezo ambayo nilikuwa nimeyaruka kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichokitafuta. Yanasema kwamba zawadi iliyokabidhiwa shule, na si mchezaji, haimwondolei haki, mradi shule ithibitishe kwa barua. Kocha hakuwa akimshtaki mtu yeyote. Alikuwa akimfungulia Zuberi mlango. Alihitaji mistari miwili tu kutoka kwa mkuu wa shule: dume lilikuwa la shule, lililiwa na shule. Hilo ndilo jibu ambalo Zuberi alilitoa paredi, kwa maneno mawili, na likachekwa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo nilipokaa Kilangali na kuitazama ile miwani. Hamisi alikuwa amemshika mzee ukosi, na vijana wawili walikuwa wamesogea na miti ya turubai mikononi. Mzee alikuwa akivuja damu mdomoni na hakuwa anajikinga. "Piga tu, mwanangu," alikuwa akisema. "Nimekuja kwa hilo." Ngumi ya pili ikampata sikioni. Wanawake wakapiga yowe kutoka ndani.

"Hamisi, mwache," nikasema. "Si yeye aliyeanza."

Aligeuza kichwa bila kuachia ukosi. Nikaanza kueleza. Nilieleza kwa mpangilio, kama ninavyoeleza kila kitu: fomu, swali la tisa, mstari mwekundu, bei ya bucha, dirisha la ofisi. Sikulia. Masufuria nyuma ya nyumba yalisikika yakichemka. Mwalimu Mgonja alinitazama bila miwani, macho yamekunjamana, akijaribu kunipata usoni. "Kwa hiyo hakunishtaki," alisema. Akalirudia mara tatu, na mara ya tatu Hamisi akawa hamshiki tena bali anamwegemeza.

"Katibu," Hamisi akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. Lilikuwa jina aliloniita kaka yake. "Na wewe siku ile ulishinda nini?"

"Redio."

"Uliiandika?"

"Hapana."

Akamketisha mzee jamvini taratibu. Akainama, akaokota miwani iliyopasuka, akaifuta kwa pindo la msuli na kumvisha. "Mleteeni mwalimu maji," akawaambia wale vijana, nao wakaweka miti chini. Kisha akajifuta damu ya nyama mikononi, kidole kimoja kimoja, akanigeukia.

"Simama."

Nikasimama. Nikavua miwani yangu, nikaikunja, nikaitia kwenye kifuko chake, nikakifunga, nikakiweka mfukoni.